Shimo Langu la Makumbi na Bomba la Gesi

"Hapo hapana kitu. Tope tu."

Maneno hayo yalisemwa na wanaume wa kijiji changu, mchana kweupe, ndani ya darasa la skuli ya msingi, na mmoja wao alikuwa mume wangu. Sijamsamehe sawasawa mpaka leo, na yeye anajua, maana namkumbusha kila akidai chai.

Ilikuwa siku ya mkutano wa bomba. Sheha, mkuu wa kijiji chetu, alikuwa amepita nyumba hadi nyumba kututangazia kwamba watu wa mradi watakuja kutueleza mambo. Tulikwenda wengi. Wanaume walikaa mbele kwenye madawati, wanawake nyuma juu ya majamvi, na mie katikati ya wanawake na binti yangu mapajani, wakati huo anaota meno na ananing'ata kama ana kisasi na mie. Ubaoni palibandikwa ramani kubwa ya ufuo wetu. Injinia mwenyewe alikuwa mwanamke, kijana kama mie, mtu wa bara, mtandio unamteleza kichwani kila akigeuka kwa kutouzoea.

Alieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Gesi ya kupikia, alisema, hii tunayoinunua kwenye mitungi, huletwa na meli ikiwa imeshindiliwa mpaka imekuwa maji. Meli itafunga kwenye gati jipya. Kutoka hapo gesi itasukumwa ndani ya bomba la chuma, bomba litakata ufuo chini kwa chini, litapanda mpaka kwenye matangi kule juu karibu na barabara ya Chake, na huko ndiko mitungi itakapojazwa. Hatutakaa tena kungojea mitungi ya Unguja.

Nilifurahi. Naomba hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika. Mie nilikuwa napika kwa kuni na makuti, macho yangu yamejaa moshi wa miaka, na bomba lile nililitaka kuliko mwanamme yeyote aliyekaa mbele yangu siku ile.

Kisha injinia akaweka kijiti kwenye ramani. "Njia tunayoifikiria inaanzia gatini, inapita karibu na jiwe kubwa, inakata hapa, inatokea kwenye mikoko. Hapa katikati pana kitu chochote? Makaburi, visima, mazao?"

Wanaume wakatazamana. Ndipo wakasema yale waliyoyasema, na mume wangu akaitikia kwa kichwa. Injinia akaandika. Sheha akaomba dua, mkutano ukafungwa.

Watu wakitoka, mie nilikwenda ubaoni. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na jiografia ndiyo iliyoniokoa kwenye matokeo. Ramani naisoma. Nikaufuata mstari mwekundu kwa kidole: jiwe kubwa, mikoko, na baina yake wameandika kwa herufi kubwa za kuchapa, ENEO TUPU.

Eneo lenyewe lilikuwa mashimo yetu ya makumbi.

Kwa asiyejua: ukishaifua nazi, lile ganda la nje lenye nyuzi ndilo kumbi. Sisi wanawake tunachimba mashimo ufuoni, pale maji yanapopwa, tunayafukia makumbi ndani ya tope na kuyatia mawe juu yasielee. Yanakaa karibu mwaka yakiiva taratibu, bahari inakuja na kuondoka juu yake. Yakiiva tunayafukua, tunayaponda kwa magongo, tunapata usumba, zile nyuzi safi, na usumba tunausokota kamba. Kila shimo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke. Hapana hati wala karatasi. Pana vijiti vya mkoko vimechomekwa pembeni, na tupo sisi tunaojua.

Shimo langu alinipa mama mkwe nilipotoka arobaini ya huyu binti. Alinichukua ufuoni, mtoto kambeba yeye, tukaenda mpaka mwisho wa safu yetu iliyopinda huku na huku, akagonga tope kwa kisigino. "Hili lako." Basi. Hakuna sherehe. Lakini kwetu kamba ya kwanza ya shimo la kwanza haiuzwi wala haiazimwi. Inawamba kitanda cha mtoto aliyekupatia shimo. Mume wangu alikuwa ameshachongesha kitanda chenyewe, miguu minne na mbao zake, kimeegemea ukuta wa chumba miezi na miezi bila kamba, na binti yangu analala baina yetu akinipiga mateke ya mbavu. Kwa hiyo mtu akisema pale hapana kitu, kwangu mie anasema kitanda cha mwanangu si kitu.

Nilifika nyumbani nikamkuta mume wangu anapangusa pikipiki yake. Yeye ni bodaboda, anapakia watu baina ya Vitongoji na Chake.

"Weye ulisema hapana kitu."

"Nilikuwa nafikiria miti. Minazi, mikarafuu. Vitu vinavyoonekana."

"Na hiyo kamba uliyofungia gunia hapo nyuma imetoka wapi?"

Akaitazama kamba kama ndiyo kwanza anaiona. "Ya mama."

"Mama kaitoa wapi?"

"Haya, basi."

Haya basi ndiyo dawa ya wanaume kwa kila maradhi. Mama mkwe alikuwa kizingitini anachagua mchele, kasikia yote. "Mie nilimzaa tu," akaniambia. "Akili nilimwachia mwalimu."

Siku chache baadaye nilikwenda hospitali ya Chake kumchanja mtoto. Nyuma yangu yakatokea makubwa. Wapimaji walikuja maji yamekupwa, wakachomeka vigingi kufuata ule mstari wa ramani: mbao nzuri zilizochongwa ncha, zimepakwa rangi nyeupe, kila kimoja na utepe mwekundu kichwani. Wakaenda zao. Maji ya pili yalipopwa, mama mkwe na wenziwe wakateremka kukagua mashimo yao, wakavikuta.

Niliporudi na kuteremka ufuoni, nilisimama nikaduwaa. Kila shimo la makumbi lilikuwa na kigingi cheupe pembeni, mpaka langu. Na mstari wa wapimaji haupo.

"Mama, mmefanya nini?"

"Tumeweka alama. Vijiti vyetu vimeoza."

"Hivi ni vigingi vya watu wa bomba."

"Kama vya watu wa bomba, mbona nimevikuta juu ya makumbi yangu?"

"Vinaonyesha njia ya bomba, mama. Mmeihamisha njia."

Akakitazama kigingi, akaitazama bahari, akanitazama mie. "Njia gani hiyo inayohamishwa na vizee?"

Shoga yake, bibi mmoja mfupi ambaye tambuu haimtoki mdomoni, akatema pembeni. "Mie nimechukua viwili. Kimoja cha akiba."

Niliwaka. Niliwaambia wataitwa wezi, niliwaambia tutapelekwa kituoni sote na watoto wetu, niliwaambia mengi ambayo mtu hamwambii mama mkwe. Walinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha mama mkwe akasema, "Haya, virudishe." Nikatazama tope. Bahari ilikuwa imeshaziba kila tundu. Sikujua hata kimoja kilitoka wapi.

Nikangojea balaa. Badala yake wakaja wapimaji wengine, si wale wa mwanzo, na chombo chao cha miguu mitatu. Wakapita kigingi baada ya kigingi, wakipima na kuandika, hawakumuuliza mtu kitu. Mama mkwe aliwapelekea madafu. Wakamshukuru sana.

Kwenye mkutano wa pili ramani mpya ilipobandikwa, darasa zima liliinamisha vichwa upande mmoja kujaribu kuielewa. Mstari ulitoka jiwe kubwa vizuri, kisha ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukaruka, ukarudi nyuma, ukazunguka mara mbili, kama kamba iliyotupwa chini na mtoto.

Injinia alikuwa hacheki. "Ndugu zangu, bomba la chuma halipindi hivi. Nani alihamisha vigingi?"

Sheha akakohoa. Mume wangu alikuwa anahesabu mabati ya paa.

"Mie," akasema mama mkwe kutoka nyuma.

"Peke yako, bibi?"

"Wenzangu wana midomo yao."

"Na mie," akasema wa tambuu. "Na mie," akasema mwengine. "Na mie." Ikawa kama wanaitikia mahudhurio.

"Kwa nini, mama zangu?"

"Mlileta vijiti vizuri," akasema mama mkwe, "na vyetu vimeoza."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Injinia mwenyewe akauma mdomo. Mie sikucheka. Nilisimama, mtoto kiunoni, na mdomo wangu ukanitangulia.

"Dada, nisamehe mapema, maana hasira zangu hazina adabu. Kila kigingi kwenye hiyo ramani kiko kwenye shimo la makumbi. Nyie mmeandika eneo tupu. Mmewauliza watu ambao hawajatia mkono mle tangu wazaliwe, na wale wenye mikono yenye tope mmewakalisha nyuma. Hiyo ramani unayoiona imeharibika ndiyo ramani ya kwanza ya ufuo huu iliyo sawa."

"Wewe, kaa chini," akasema mzee mmoja wa mbele.

Mume wangu akageuka. "Mwacheni aseme. Mie namsikia kila siku, leo zamu yenu."

"Bomba nalitaka," nikaendelea. "Gesi naitaka, kuni zimenichosha. Lakini halipiti juu ya kitanda cha mwanangu."

Hapo ikabidi nieleze habari ya kitanda, na nilieleza vibaya, kwa sababu mtoto alikuwa ananivuta buibui. Injinia alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama ile ramani iliyochanganyikiwa, muda mrefu, safari hii kama mtu anayesoma.

"Maji yanapwa vizuri lini?" akauliza.

"Bamvua ni Jumatano," akajibu mama mkwe. "Usije na viatu vya mjini."

Alikuja na mabuti ya mpira mpaka magotini. Hatua ya kumi tope likayameza. Tulimvuta wanne, mtu akatoka, buti moja likabaki. Akayaacha yote mawili akatembea pekupeku kama sisi, suruali kaikunja, anacheka peke yake. Mama mkwe akaondoa mawe ya shimo lake na kulifunua kidogo. Harufu ilipotoka, injinia alirudi nyuma mpaka akakalia tope.

"Mungu wangu. Yameharibika?"

"Hiyo ndiyo harufu ya kuiva," akasema wa tambuu. "Yakinukia vizuri, hapana kamba."

Alituuliza mambo yote. Shimo linakwenda kina gani, tunachimba miezi ipi, nani yuko wapi. Na yeye akatueleza ya kwake bila kutuzungusha. Bomba linaweza kupinda, lakini kwa mkunjo mpana, taratibu. Anaweza kulisogeza upande wa jiwe kubwa, ingawa huko pana mwamba na kazi itakuwa ngumu. Jambo moja tu halina mjadala: likishafukiwa, hakuna mtu kuchimba juu yake wala karibu yake, hata kwa mkono, maisha yote, maana gesi iliyoshindiliwa si ya kuchezea. Hilo tulilielewa mara moja.

Akatoa utepe wa kupimia. Mama mkwe akashika ncha moja, yeye nyengine, wakaenda wakisimama na kuchomeka vigingi vipya. Mpaka wanakaribia mikoko, mashimo yote waliyoyapita yalikuwa salama.

"Limebaki moja," akasema injinia. "Hili la mwisho wa safu. La nani?"

Wanawake wote wakanitazama.

Mie niliyesema sana. Shimo langu lilikuwa mwisho kwa sababu mie ndiye mdogo wao, na mkunjo wa bomba usingeweza kwenda mbele zaidi ya hapo. Makumbi yangu hayajafika hata nusu ya kuiva. Ukiyatoa yakapata jua, yanakauka meusi, hayawi kamba wala hayawi kuni.

"Pole sana," akasema injinia. "Ipo fomu ya fidia."

"Fomu inawamba kitanda?"

Nilitaka kulia, nikaona nitakuwa nimewapa raha wanaume waliokuwa wanatutazama kutoka juu, basi nikakasirika tena. Nilimkasirikia injinia, mwamba, bahari, na nazi yenyewe.

"Yahamishwe," akasema mama mkwe.

Wenziwe wakampinga wote kwa pamoja. Makumbi hayahamishwi. Hayajawahi kuhamishwa. Yasione jua, na bahari isirudi kabla hayajafunikwa, la sivyo yataelea yote mpaka Tanga.

"Maji yakitoka mpaka yakirudi," akasema. "Tukiwa wengi, yatosha."

"Utayaweka wapi?" akauliza wa tambuu. "Safu imejaa."

"Baina ya langu na lako."

"Langu utalipunguza?"

"Nitapunguza langu. Weye lete kile kigingi chako cha akiba, tuchomeke hapa."

Yule bibi alinuna kidogo. Kisha akaingiza mkono kwenye khanga yake aliyojifunga kiunoni, akakitoa. Alikuwa anatembea nacho.

Kesho yake maji yalikuwa bado ya bamvua. Asubuhi ile nitaikumbuka mpaka nizikwe. Tulianza kuchimba shimo jipya maji yakiwa bado kwenye vifundo vya miguu. Wanawake walikuja hata ambao hawana mashimo, na magunia yaliyoroweshwa, na makarai. Binti yangu tulimkalisha ndani ya karai moja juu ya mchanga mkavu, na mwiko wa kuligongea. Tulipanga mstari kutoka shimo la zamani mpaka jipya, kumbi linatoka topeni, linafunikwa gunia bichi, linapita mkono kwa mkono, linazama tena kabla jua halijalijua. Tulinuka sote kama kitu kimoja. Injinia alikuwa katikati ya mstari, mtandio kaufunga puani, na aliyekuwa karibu yake akimhimiza, "Pitisha, pitisha, hii si ofisi."

Mume wangu naye alikuja. Hakupakia mtu siku ile. Kazi ya makumbi si ya wanaume, na yeye alijua atakavyotaniwa, lakini alikuja. Mama mkwe akampa kazi ya kubeba mawe.

"Hapo pana kitu?" akaulizwa alipoleta jiwe la kwanza.

"Pana."

"Hatukusikia."

"Pana kitu, mama zangu."

Kila jiwe walimuuliza, na kila jiwe alijibu. Kufikia lile la mwisho wanawake wote walikuwa wanaimba swali na yeye anaimba jibu, jasho linamtoka, na bahari inarudi kwa kasi. Jiwe la mwisho lilikaa maji yakiwa kwenye magoti yetu. Tukapanda juu tukala muhogo na chai, hakuna aliyekwenda kuoga kwanza, na injinia alikula kuliko wote.

Bomba likaja. Tulilitazama likijengwa kama tunavyotazama harusi, kila mchana tumekaa juu na kazi zetu za mikono. Mitambo ya vijiko ilichimba mtaro, kwenye mwamba ikapiga kelele siku nyingi. Mafundi waliunga vipande kwa moto, wakapima kila kiungo, wakalishindilia bomba maji ndani kuona kama litavuja kabla ya kuliamini na gesi. Mama mkwe alikuwa na la kusema kuhusu kila kiungo. Lilipoteremshwa mtaroni, refu, limepinda taratibu kulizunguka eneo letu, nilihisi raha ambayo sikuitegemea. Lilipinda kwa ajili yetu. Chuma kizima.

Walipokwishafukia wakaweka nguzo fupi za zege, za njano, kuonyesha linapopita. Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe ameikumbatia mojawapo kwa mikono miwili, anaitikisa.

"Mama."

"Nataka kujua tu," akasema. "Hizi haziondoki."

Kwenye ofisi ya sheha siku hizi imebandikwa ramani ya mwisho. Pale baina ya jiwe na mikoko pameandikwa MASHIMO YA MAKUMBI. Kila nikipeleka karatasi yoyote kule naisoma tena, na sheha hujifanya ana kazi.

Mie napika kwa gesi. Mama mkwe anaisifu, lakini maharage yake bado anayachemsha kwa kuni na hataki mtu amuulize.

Makumbi yangu yaliiva yakiwa yamechelewa kidogo. Niliyaponda, nikasokota, mikono ikatoka malengelenge. Siku ya kuwamba kitanda mama mkwe alikaa upande mmoja na mie upande mwengine. Ukiwamba kitanda, kila ukipitisha kamba kwenye tundu unahitaji kijiti cha kuibana isilegee mpaka uivute nyengine. Akaingia ndani, akatoka na kigingi cheupe, rangi imebanduka, utepe mwekundu bado uko kichwani.

"Si ulimwambia injinia vigingi vyake mmevirudisha vyote?"

"Vyengine nilirudisha."

Tuliwamba mpaka kitanda kikalia kama ngoma ukikigonga. Binti yangu, ambaye sasa anasema kila kitu, akaomba utepe mwekundu, akapewa. Akapanda kitandani, akaruka mara tatu kukijaribu, akalala chali katikati, mikono kaitandaza, akatuambia tutoke chumbani kwake.